Mwanangu anataka fedha za kikoba akasomee biashara ya mtandaoni

Bi. Mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Makorora hapa Tanga. Mume wangu alifariki miaka kadhaa iliyopita, na tangu hapo tunaishi kwa biashara yangu ya achari ya embe na ya ndimu, ambayo naitengeneza nyumbani na kuwauzia majirani, watu wenye shughuli na maduka machache ya Ngamiani. Nakuandikia kuhusu mwanangu wa kwanza, kijana wa miaka 21, kwa kuwa jambo lake limenikosesha usingizi na limewagombanisha watu wa nyumba moja.

Alimaliza kidato cha sita mwaka 2025 kwa tahasusi ya uchumi, jiografia na hisabati, akafaulu vizuri na kupata nafasi ya chuo kikuu Dodoma. Mkopo wa Bodi ya Mikopo haukutoka, nami sikuwa na uwezo wa kumlipia, kwa hiyo akabaki nyumbani. Tulikubaliana asubiri dirisha la maombi la mwaka huu, nami niziweke kando fedha za kikoba ili hata mkopo ukitoka nusu tusikwame. Kikoba tulikivunja, nikapata shilingi 1,450,000, na mpaka leo sijazigusa.

Katika kipindi hicho cha kukaa nyumbani alianza kunisaidia kuuza. Asubuhi jua likiwa halijawa kali alizipanga chupa za achari kwenye kizingiti cha mlango wa uani, akazipiga picha kwa simu yake na kuziweka Instagram na kwenye stetasi za WhatsApp. Wateja wakaanza kutokea Dar es Salaam na Arusha. Mzigo anauviringisha magazeti, anaufunga kwenye boksi, anaupeleka stendi ya Kange, kisha anamtumia mteja picha ya risiti ya basi. Kila mteja amemwandika kwenye daftari: jina, namba ya simu, achari anayoipenda na pilipili anayoiweza. Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule, intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi, alilichukua daftari hilo akawa anawapigia mmoja mmoja baadaye ili wajue tupo, na baadhi yao wakaagiza. Chupa tunaiuza shilingi 6,000, naye husema faida ni nusu. Mimi niliona ni namna ya kupitisha muda tu.

Sasa amekuja na jambo jipya. Kuna mwalimu anayejitangaza mtandaoni kwamba anafundisha vijana ujasiriamali wa kidijitali kwa wiki 12, kupitia Zoom na kundi la Telegram. Ada ni shilingi 600,000, na kijana anasema ni lazima awe na kompyuta mpakato, ambayo ameipata iliyotumika kwa 550,000. Mwalimu huyo huonesha meseji za miamala ya mamilioni, gari lake, na wanafunzi wanaosema walianza kupokea dola ndani ya mwezi wa kwanza. Ameahidi kuwafundisha kuuza bidhaa za watu kwa kamisheni, kuwaandikia na kuwatafsiria wateja wa nje, na kutengeneza matangazo kwa akili mnemba. Anayeleta wenzake wawili hurudishiwa sehemu ya ada yake. Nafasi zimebaki chache na ofa inaisha Ijumaa. Mwanangu anasema chuo ni miaka mitatu ya kusubiri ajira isiyokuwepo, na ananitajia vijana wa mtaani kwetu wenye digrii wanaoendesha bodaboda.

Kaka yangu, ambaye ndiye aliyeshika nafasi ya baba yao na ambaye alifanya kazi bandarini mpaka akastaafu, hataki hata kusikia. Anasema bandari imeongezwa kina, bomba la mafuta kutoka Uganda linaishia hapa Chongoleani, na wenye vyeti ndio watakaochukuliwa. Ameapa kwamba nikizitoa fedha hizo kwa ajili ya kozi ya simu, asiulizwe tena habari za mtoto huyu. Kijana naye amenuna, anakula usiku tukishalala. Binti yangu yuko kidato cha pili na mahitaji yake yananitazama.

Nikimnyima, naogopa atakuja kuniambia kwamba mimi ndiye niliyemfungia riziki. Nikimpa, naogopa nitakuwa nimepoteza fedha, chuo na undugu kwa mkupuo mmoja. Bi. Mshauri, nimpe au nisimpe?

Mama wa Makorora, Tanga

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu, na pole kwa mzigo huu ambao naona umeubeba peke yako kwa muda mrefu kuliko barua yenyewe inavyosema.

Nikikuelewa vyema, nyumbani kwako hakuna mtu mbaya. Yupo kijana aliyefaulu, akakosa mkopo, akawatazama wenzake wakiondoka na mabegi yao, na sasa ameona mlango mahali fulani. Yupo mjomba aliyelelewa na kuzeeka katika kazi yenye mshahara, naye anamtakia mpwa wake kile kilichomweka yeye mjini. Na upo wewe, mwenye shilingi 1,450,000 ambazo zinaitwa na chuo, kozi, binti wa kidato cha pili na achari yenyewe kwa wakati mmoja. Ada na kompyuta zikishatoka zitabaki 300,000, na hizo ni chache kumpeleka mtu Dodoma na kumweka huko, sembuse kununua embe na chupa za msimu ujao. Swali lako la nimpe au nisimpe nalielewa, lakini naomba tulichunguze kwanza, kwa sababu naona limejengwa juu ya mambo mawili yaliyochukuliwa kuwa ya hakika.

La kwanza ni kwamba chuo ni njia salama na mtandao ni bahati nasibu. Mtu wa Tanga ana sababu ya kulitilia shaka hilo kuliko mtu wa mkoa mwingine wowote. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62 tu; kutoka kwenye hiyo, mashamba yakaenea mpaka nchi hii ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Nani wakati ule angemwambia mzazi wa Muheza au Korogwe kwamba ajira ya mkonge haina uhakika? Zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba yakabadilisha mikono, na miongo mitatu baadaye uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Sasa zao hilo linafufuliwa, na hilo nalo ni jambo la heri, ila waliozeeka wakilisubiri hawakurudishiwa miaka yao. Kaka yako ana haki ya kulitaja bomba la Chongoleani, lakini kazi nyingi za mradi wa namna hiyo huwa wakati wa ujenzi, na likishaanza kupitisha mafuta huhitaji watu wachache wenye fani mahususi. Sisemi haya ili kuidharau digrii. Nasema tu kwamba kijana wako hachagui kati ya uhakika na mashaka; mashaka yapo pande zote mbili, na tofauti ni kiasi gani kinapotea kila upande jambo likiharibika, na kinapotea mikononi mwa nani.

La pili ni kwamba kozi hii ndiyo elimu ya ujasiriamali wa kidijitali, kiasi kwamba kuikataa ni kumkatalia kijana elimu hiyo. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mwalimu huyo simfahamu, na huenda ni mtu mwema anayejua kazi yake. Ninachoweza kukitazama ni tangazo lake kama ulivyolieleza. Meseji ya muamala haioneshi fedha imetokana na nini: inaweza kuwa imetokana na biashara anayoifundisha, na inaweza kuwa ni ada za wanafunzi wenyewe. Lile la kurudishiwa ada kwa kuleta wenzako wawili linanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu siku kijana atakapogundua kwamba njia ya haraka ya kurudisha fedha ya mama ni kumleta rafiki yake, atakuwa ameshaacha kuwa mwanafunzi na amekuwa wakala. Watu wa rika letu tunaikumbuka DECI, iliyowaahidi watu kwamba wakipanda fedha watavuna zaidi, ambayo Serikali iliisimamisha mwaka 2009 wakati watu wengi wakiwa wameshapanda fedha zao. Waliovuna walikuwa wamevuna kutoka kwa waliopanda nyuma yao. Sidai kwamba kozi hii ni upatu wa namna hiyo. Nasema kwamba panapokuwa na malipo ya kuleta watu, ni halali kabisa kuuliza bidhaa iko wapi. Na ofa inayoisha Ijumaa ina kazi yake pia, nayo ni kukuzuia usilale na wazo hilo mpaka Jumatatu.

Halafu yapo yale yanayofundishwa. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika, ilipotolewa kwa umma mwishoni mwa mwaka 2022, kazi ndogondogo za kuandika na kutafsiri kwa wateja wa mbali zimepata mshindani asiyelala na asiyedai malipo makubwa. Hata kupokea malipo si jambo la kulipita haraka: kwa miaka mingi akaunti ya PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, iliyofunguliwa Tanzania imekuwa ikiweza kulipa bila kupokea, na vijana wamelazimika kutafuta njia za kuzunguka zenye makato. Mwalimu mkweli atayasema haya somo la kwanza. Kijana anaweza kumuuliza hata kabla ya kulipa, na jibu atakalopewa, au ukimya atakaopewa, litamfundisha jambo bila ada.

Sasa dada yangu, nataka nirudi kwenye jambo ulilolipita haraka katika barua yako, ukasema uliliona ni la kupitisha muda. Ni lile daftari.

Intaneti ilipozimwa, wafanyabiashara wengi wa mtandaoni walijikuta hawana namna ya kumpata hata mteja mmoja, kwa sababu wateja wote walikuwa ndani ya Instagram na hawakuwa wa kwao. Mei mwaka 2024 pia, nyaya za baharini zilipokatika, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikaa siku kadhaa na mtandao wa kusuasua. Mitandao hubadilisha kanuni zake, akaunti huibwa au kufungwa, na hakuna dirisha la kwenda kulalamika. Mwanao, bila mtu kumwambia, alikuwa na orodha ya wateja iliyo mkononi mwake, yenye namba za simu na ladha za kila mmoja, na mtandao ulipokatika akaendelea kuuza. Amejua pia kwamba mteja wa Arusha ambaye hajawahi kukuona hutulizwa na picha ya risiti ya basi, na kwamba jua la asubuhi linaionesha rangi ya achari kuliko taa ya sebuleni. Huo ndio ujasiriamali wa kidijitali, na ukiniuliza mimi, yapo makozi ya bei kubwa yasiyofika hapo. (Alitunze vizuri daftari hilo na asimgawie mtu namba hizo, tangu 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayotumika, na mbali na sheria, mteja aliyetoa namba yake kwa ajili ya achari hakuitoa ili auziwe vipodozi.)

Kilichopungua naona ni hesabu. Anasema faida ni nusu. Nusu ya nani? Mwombe mkae jioni moja, chupa moja ya achari iwe katikati yenu, na mwandike kila kilichoingia humo: embe au ndimu, na embe za msimu hazinunuliki kwa bei sawa na zisizo za msimu, mafuta, pilipili, chumvi, chupa na kifuniko chake, mkaa, boksi, bodaboda ya kwenda Kange, bando la mwezi likigawanywa kwa chupa zilizouzwa, ya kutolea kwa wakala, na zile chupa zinazofika Dar es Salaam zimepasuka ukalazimika kutuma nyingine. Mkimaliza hayo, mwandike saa zako wewe, tangu kumenya mpaka kuanika, kwa malipo ambayo ungempa msichana wa jirani kama angekusaidia. Kijana aliyesoma uchumi na hisabati mpaka kidato cha sita hawezi kushindwa na hesabu hii. Binti naye asiachwe nje, kwa kuwa mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 umeliweka somo la biashara miongoni mwa masomo ya lazima ya sekondari, na huenda akawakumbusha kitu. Inawezekana mkakuta kwamba chupa ya 6,000 inawaachia 800, au kwamba haiwaachii kitu na nyote wawili mmekuwa mkifanya kazi bure kwa furaha. Chochote mtakachokikuta kitawaambia kama kijana anahitaji ujuzi mpya, mtaji, au bei mpya tu.

Baada ya hapo ndipo njia zitaonekana vizuri zaidi, na kila moja ina mahali pake pa kuteleza. Akiwa bado anaitaka kozi, mnaweza kumtaka mwalimu aoneshe ratiba ya wiki zote, masharti ya kurudisha ada, na usajili wa biashara yake BRELA, wakala wa Serikali wa usajili wa biashara, tena mwanao azungumze kwa simu na waliomaliza zamani, si wale wa kwenye tangazo. Usajili hauthibitishi kwamba mtu anajua kufundisha, lakini humfanya apatikane mambo yakiharibika. Mnaweza kukubaliana pia kwamba ada itoke nusu kwako na nusu kwenye mauzo yake mwenyewe; kinachotoka mfukoni mwa mtu humfanya aulize maswali makali zaidi.

Kama shida ni ujuzi, SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ina ofisi Tanga na huwafundisha wasindikaji wadogo wa vyakula, ikiwemo kufungasha, na huwatambulisha kwa TBS, shirika la viwango, jambo ambalo litakuja kuhitajika siku duka kubwa litakapotaka achari yako. Kozi fupi za kompyuta zipo kwenye vyuo vya ufundi vya VETA. Google hutoa mafunzo ya misingi ya masoko ya mtandaoni bila ada, ingawa mengi yamo kwa Kiingereza, yanakula bando, na anayejifunza peke yake chumbani huacha njiani kwa urahisi kuliko aliye na wenzake. Kama shida ni mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kati ya hizo kwa vijana na nne kwa wanawake, na utoaji wake ulirejea mwaka 2024 baada ya kusimamishwa mwaka uliotangulia. Mikopo hiyo huenda kwa vikundi, na kikundi ni kama jahazi, mwenzako akitoboa upande wake nawe unalowa. Kwa hiyo achague wenzake kwa makini zaidi kuliko anavyochagua simu.

Chuo nacho hakijaondoka. Akipata mkopo atakwenda Dodoma, na itabidi mjue mapema nani atafunga mizigo na kupokea simu za wateja, kwani biashara isiyojibu meseji siku tatu hupoteza wateja wake. Ajue pia kwamba mkopo huo ni deni, na akija kuajiriwa sheria inataka akatwe asilimia 15 ya mshahara wake mpaka liishe. Akiamua kuahirisha tena, asidhani kwamba nafasi na mkopo vitamsubiri. Aulize ofisi ya udahili na Bodi kabla hajajibu, kwa sababu mwaka wa pili wa kukaa nyumbani huwa mrefu kuliko wa kwanza. Na hilo la kukaa nyumbani, nadhani, ndilo linalomfanya ale usiku mkishalala, kuliko hata fedha.

Kuhusu kaka yako, sidhani kwamba tatizo lake ni mtandao. Nahisi anaogopa kwamba mtoto wa marehemu atapotea mikononi mwake. Ukimpelekea maneno ya kozi atakataa tena. Huenda ukimpelekea karatasi ya hesabu ya chupa, iliyoandikwa kwa mkono wa mpwa wake, na kumwomba aikague kama mtu aliyefanya kazi kwenye mizigo na makaratasi yake maisha yake yote, mkapata mazungumzo ya namna nyingine. Kijana ndiye aende, amwamkie na kumweleza mwenyewe. Wewe umekuwa ukitafsiri kati yao kwa muda mrefu, na mtafsiri ndiye anayelaumiwa na pande zote.

Neno la mwisho ni lako wewe. Katika barua nzima fedha hizi zimeitwa za chuo, za kozi, za mtoto, na hakuna mahali ulipoandika kwamba ni zako. Kikoba ulicheza wewe, kwa achari ya mikono yako. Kabla hujaamua umpe nani, tenga kwanza kiasi ambacho hakiguswi na mtu, cha binti na cha msimu wa embe, ukimwambia kijana waziwazi kwamba ndivyo ilivyo na kwa nini. Kitakachobaki ndicho mtakachokijadili, na hicho kikipotea kitauma bila kuivunja nyumba. Kiasi chenyewe siwezi kukupangia nikiwa mbali, maana mimi siijui bei ya maisha ya nyumba yako kama unavyoijua wewe.

Mkishapiga hesabu ya chupa, niandikie tena, hata kama itatoka hasara.